Mwezi Tulioupandia Kilima

Nikipanda gari la kwenda Bububu hukaa upande wa baharini. Wajukuu zangu wanadhani babu yao anapenda kutazama maji. Sipendi maji hata kidogo, ila upande wa pili kuna kile kilima, na mimi na kilima kile hatuangaliani.

Wenye milima ya kweli huko kwao watacheka, na wana haki. Kile ni kilima tu, hata mbuzi hakihesabu. Lakini siye wa Unguja hatuna kingine cha kujivunia, na tulipokuwa vijana tulikiita mlima bila ya haya. Nilikipanda mara moja maishani mwangu, kwenye miaka ya hamsini mwanzoni, wakati wa kipupwe, makubadhi miguuni kama bwana harusi.

Makubadhi ndiyo kazi yangu. Nilikuwa na kijiduka Mlandege, mlango mmoja, naketi chini nagonga ngozi tangu asubuhi mpaka alaasiri. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nne, nina mke, na nilikuwa na mtoto.

Mtoto alikufa akiwa na miezi saba. Homa ya siku nne, ya tano tukamzika. Nilishuka kaburini mwenyewe, nikampokea, nikamlaza, nikatoka nikakung'uta mchanga. Watu walinipa mkono, nikawajibu inavyopaswa. Tulipoondoa tanga siku ya tatu nilirudi dukani, maana kulikuwa na jozi mbili za watu. Kilio nilikingoja. Nilidhani kitakuja usiku wa kwanza, kisha nikadhani kitakuja kwenye arubaini. Hakikuja. Chakula nilikila, nikiulizwa kina chumvi gani siwezi kusema. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na mtu aliyekufa ganzi haumwi, kwa hivyo hadhani kuwa ni mgonjwa.

Mke wangu alilia kwa sote wawili. Jioni moja, mwezi wa Shaabani umeandama, nilirudi nikamkuta uani amezitoa nguo za mtoto sandukuni anazifua. Nguo safi, zilizokwisha fuliwa na kukunjwa. Nikamwambia aziache. Akasema bila ya kuniangalia, "Hata chozi moja hukutoa. Mwanangu alizaliwa na jiwe."

Ningeweza kutoka nikakaa barazani mpaka ikapita. Ningeweza kunyamaza, maana kunyamaza ndiko nilikokuwa nikikujua. Mara ile moja nikaona niseme, na nikasema kwa sauti ile ile ya mtu anayeomba maji ya kunywa, "Basi nenda kwenu. Nimekuacha, talaka moja."

Moja, alhamdulillahi. Wapo wanaozimwaga tatu kwa pamoja halafu wakaenda kuzunguka kwa masheikh wakitafuta pa kujificha. Yangu ilikuwa moja na ilikuwa na mlango wa kurudia, na mlango huo ndio hadithi yote hii, kwa hivyo niueleze.

Mwanamke akiachwa talaka moja anakaa eda. Ndani ya eda mume bado ana neno lake. Akisema, "Nimemrejea mke wangu," basi amekuwa mkewe. Hapana mahari mpya wala kuulizana, hata kama yeye yuko Bububu na wewe uko Mlandege. Eda ikisha, wewe ni mtu baki. Kitabu kinasema eda hiyo akae nyumbani kwa mumewe, waonane asubuhi na jioni, labda Mungu atazusha jambo baina yao. Siye hatufanyi hivyo. Kwetu mwanamke akiachwa hufunga mzigo wake, na akibaki watu watasema hana kwao. Wangu aliondoka asubuhi yake kwenda kwa wazee wake Bububu, nguo za mtoto zikiwa bado mbichi kwenye kamba. Nilizianua mimi zilipokauka, nikazikunja vibaya.

Sasa, eda niliyoijua mimi ni ya mama yangu. Baba alipofariki mama alikaa ndani miezi minne na siku kumi, na mhesabu wake nilikuwa mimi. Kila mwezi ukiandama nilitoka nje nikautazama, nikirudi natia alama ya mkaa nyuma ya mlango. Eda ya talaka, kila mtu barazani atakwambia, ni miezi mitatu. Mitatu, basi. Nikachukua mkaa. Shaabani nikatia alama, Ramadhani nikatia alama, Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, nikatia alama ya tatu. Sikumuuliza mtu, kwani la kuuliza lilikuwa lipi?

Nilikuwa na sahibu yangu mmoja, mwashi, mtu wa Makunduchi. Kazi yake ilikuwa kuziba nyufa za majumba ya Mji Mkongwe, na alikuwa akisema kuwa nyumba za mjini ni kama watu wa mjini, nje chokaa ndani zinamomonyoka. Hajaoa. Alikuwa na mdomo, na alikuwa na moyo, na ndiye aliyenichukulia posho. Maana mke aliye ndani ya eda ana haki ya kulishwa na mumewe, na mimi uso wa kwenda sikuwa nao. Kila Ijumaa nilikuwa najaza kikapu, mchele, nazi, na papa mkavu, naye akakipeleka Bububu akarudi nacho kitupu. Nilikuwa simuulizi kitu. Yeye akawa ananambia mwenyewe, "Yuko salama. Amekonda." Kisha anangoja niseme neno, nami nachukua nyundo.

Ramadhani nilifuturu kwake, chumbani kwa bachela, muhogo wa kuchemsha na chai. Idi ikaja. Kwetu Idi ni siku ya kupeana mikono, hata mtu na hasimu wake hupeana. Sikwenda. Nilivaa kanzu mpya, nikaswali, nikarudi nikalala. Siku ya pili nikalala tena. Uwanja wa sikukuu nilikuwa nausikia kwa mbali, watoto na mabembea, nikageuka upande wa ukutani.

Ijumaa iliyofuata Idi, kikapu kilirudi kimejaa.

"Mama mkwe wako amekirudisha," sahibu yangu alinambia. Akakitua baina yetu. "Amesema, mwambie ahsante, sasa hatuna haja nacho."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Wamekasirika. Wewe Idi nzima hukutia mguu, ulitaka wakupigie vigelegele?"

Nikakasirika na mimi. Riziki kurudishwa mlangoni, mimi, mbele ya jirani. Ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi tangu makaburini, na nakiri kwamba kilinipa raha, kama mtu anayejipasha moto. Nikasema hawakipati tena. Na kweli sikupeleka tena, na siku zikenda.

Ikafika siku ya ishirini na tisa ya Mfunguo Mosi. Mchana kutwa kulikuwa na baridi, upepo wa kusi unaingia mpaka ndani ya duka, na mimi nagonga ngozi. Sahibu yangu akaja na chokaa mpaka kwenye nyusi, akakaa juu ya gogo langu la kukatia.

"Leo ishirini na tisa," akasema.

"Najua."

"Mwezi ukiandama leo magharibi, mke huna."

"Najua."

"Unamrejea humrejei?"

Nikamwambia sijui. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nakaa na swali lile miezi mitatu na kila nikiligusa naligusa kama kitu cha mtu mwengine.

Alivua kofia akaipangusa. "Kwetu Makunduchi," alisema, "siku ya Mwaka, sikukuu yetu ya mwaka mpya, watu hutiana makuti ya migomba ya mgongo mpaka hasira zote ziishe, kisha wanakaa wanakula pamoja. Mwaka wenyewe huo unakuja, wiki mbili tatu. Nyie wa mjini hasira mnazilaza kitandani mkazifunika shuka. Haya, mimi sikupigi. Lakini mguu ukifa ganzi huketi ukaungoja. Unaukanyagia. Inuka."

"Twende wapi?"

"Tukapande mlima wa Bububu. Kule juu tutautazama mwezi, na nyumba ya wakwe zako iko chini yake. Ukitaka kusema, utasema, mimi shahidi. Hutaki, umeona mwezi, umerudi kushona viatu vyako."

Nilifunga duka kwa sababu kufunga kulikuwa rahisi kuliko kubishana naye.

Tuliteremka gari Bububu, tukaswali alaasiri, tukapita kwenye tuta la reli ya zamani ili tusipite mbele ya baraza ya mkwe wangu. Nyumba yao ilikuwa upande wa juu wa barabara, mguuni kabisa pa kilima. Tukaizunguka kwa mbali kama wezi wa kuku, tukatokea kwenye mashamba ya muhogo, kisha chini ya mikarafuu ambako ardhi inaanza kuinuka.

Mwanzo ni njia tu ya wakata kuni. Halafu inakuja sehemu ya mawe, matumbawe makubwa yenye meno, yamerowa kwa manyunyu ya asubuhi, na mizizi ya miti imeyakumbatia. Mtoto wa skuli angepita anaimba. Mimi, fundi makubadhi, kazi yangu mwenyewe ilinisaliti kwenye jiwe la pili. Nyayo laini nilizozisugua kwa mikono yangu zikateleza nikaanguka kifudifudi, na sahibu yangu, yuko juu yangu na miguu mitupu, akacheka mpaka akashika mti.

"Ndiyo maana siyanunui," akasema. "Yavue. Na hiyo kanzu ifunge kiunoni, hapa hapana mkweo anayekuona."

Nikayavua nikayatundika ukosini, nyuma ya shingo. Akanionesha namna ya kupanda. Mikono miwili, usiyaonee haya mawe. Jiwe lijaribu kwanza kwa kulisukuma. Likicheza, lisamehe, tafuta jengine. Usitazame juu, tazama pale unapotia mkono. Aliyasema kwa upole, kama anavyomwambia msaidizi wake kazini, nami nikamfuata. Mguu wangu wa kulia ulichunika muundi kwenye tumbawe, ngozi ikatoka kipande cha urefu wa kidole. Niliiona damu ikishuka mpaka kwenye kisigino. Niliitazama nikaendelea kupanda, haikuniuma.

Yeye ndiye aliyeshituka. "We bwana, unavuja."

"Haiumi."

Akapangusa mikono yake kwenye shuka na kutangulia. Hakucheka tena mpaka tulipofika.

Juu kuna mahali peupe, jiwe bapa, miti imeachia upande wa magharibi. Bahari yote ilikuwa mbele yetu, na mji kule kushoto, mdogo, mapaa tu. Upepo ulikuwa mkali na kanzu ikanipiga miguuni. Nilijua kuwa palikuwa pazuri. Nilijua kama unavyojua kuwa leo ni Jumatatu.

Moja kwa moja chini yetu nikaliona paa la wakwe zangu. Utalijua katika mia, kwa kuwa pembe moja ya makuti ilivuja mwaka wa harusi yetu, tukaiziba mimi na baba mkwe kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa, na jua likianguka bati lile linawaka. Moshi ulikuwa unatoka uani. Kisha nikaona watu watatu wanakuja njiani kutoka barabarani, weupe kwa kanzu, wadogo kama punje za mchele. Wa katikati alibeba kitu mbele yake kwa mikono miwili. Walifika barazani wakapokewa, wakaingia chini ya upenu.

"Kwa wakwe zako kuna wageni," sahibu yangu akasema. "Na sinia, naona. Limefunikwa."

"Wamekuja kumposa mdogo wake," nikasema. Mdogo wake alikuwa ametimia miaka kumi na sita, ilikuwa zamu yake. "Tulikuwa tukiwatazamia tangu mwaka jana."

"Basi kesho utarejea mke na pilau juu."

"Mungu awajaalie kheri," nikasema. Nilisema kwa ustaarabu tu, kama mtu anavyomwombea kheri yeyote anayepita na sinia.

Tukakaa. Jua likawa linashuka upande wa bara, na huko bara kulikuwa na utando wa mawingu chini kabisa, juu ya maji. Mwezi wa Mfunguo Pili hauna mwenyewe. Wa Ramadhani mji mzima uko ufukweni, wa Mfunguo Mosi watoto wako juu ya mapaa, lakini huu hapana anayeutaka, haufungi mtu saumu wala haumfunguzi. Nadhani katika kisiwa chote tulikuwa wawili tu tunaoutafuta.

"Sema sasa," sahibu yangu alinambia. "Kabla halijazama. Maneno matatu. Nimemrejea mke wangu. Mimi nimesikia, kesho tunakwenda kuwaambia."

"Shahidi mmoja."

"Usinifanyie usheikh leo. Nilikupelekea kikapu wiki ngapi? Sema."

Nilifungua mdomo. Naapa kwamba niliufungua. Lakini nitasema ukweli, mimi sasa ni mzee, na sahibu yangu aliyekuwa akinisikiliza siku ile ameshatangulia mbele ya haki. Nilikuwa nataka kwanza nihisi kitu. Nilikuwa nataka neno litoke na kilio chake, kilio cha mtoto na cha mama yake, vyote pamoja, nisije nikamrejea kwa sauti ile ile niliyomuacha nayo. Niliona haya kumrudishia mtu sauti ya kuomba maji. Nikangoja kilio kipande kutoka tumboni kuja kooni, hakikupanda, na jua likagusa maji, likawa nusu, likawa kipande, likaenda.

Tulisimama tukakodoa macho. Alitazama kushoto kwa jua, mimi kulia, tukabadilishana. Mawingu yalikuwa mekundu, yakawa ya zambarau, yakawa majivu. Mwezi hapana. Tuliswali magharibi pale pale juu ya jiwe, tulikuwa bado na udhu, tukaangalia tena. Hapana.

"Haukuandama," nikasema. "Inatimia thelathini."

"Haukuandama," akaitikia. "Una bahati ya kunguru."

Nikapewa siku. Nilikuwa kama mwanafunzi aliyeambiwa mwalimu hakuja. Nilicheka, kwa sauti, na nikashangaa kujisikia. Tukaanza kushuka upesi kabla ya giza, pale penye mawe tukashuka kwa matako, kanzu yangu nyeupe ikawa na rangi ya udongo, na katikati ya mawe, nimening'inia kwa mikono natafuta pa kutia mguu, muundi wangu ukaanza kuuma. Uliuma hasa. Mpaka nikafika chini ya mikarafuu nachechemea, na hapo nikakaa chini nikalia.

Nililia kama mpumbavu. Nilimlilia mwanangu kwa jina lake, ambalo nilikuwa sijalitamka tangu siku ya kumzika. Sahibu yangu alikaa kando yangu akichuna jani la mkarafuu vipande vipande, akaniacha, mpaka nikamaliza.

"Nitamrejea," nikamwambia. "Kesho asubuhi."

"Sema sasa hivi basi, liishe."

"La. Mbele yake. Alikaa na mtu asiyesema miezi yote ile. Anastahili alisikie mwenyewe."

Alifikiri. "Hapo umesema kiume," akasema, na tukenda barabarani kutafuta gari.

Asubuhi nilikoga, nikafunga kidonda, nikavaa kanzu ya Idi. Nikajaza kikapu, kile kile, mchele na nazi na papa, na safari hii nikakibeba mwenyewe. Sahibu yangu aliiacha kazi ya watu akanisindikiza, akabaki barabarani chini ya mwembe, akisema kuwa yeye ni shahidi na shahidi hatangulii.

Baba mkwe alikuwa barazani peke yake anasuka kamba. Ndani uani mtu alikuwa anakuna nazi, na nilimjua kwa mkono wake. Hukuna haraka haraka mara tatu, akapumzika, akakuna mara tatu. Miaka miwili nilikuwa nikiamka kwa mkono ule.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Ameniita mwanangu, nikaona kazi imekuwa nyepesi. Nikakaa, nikakiweka kikapu mbele yangu. Nikasema sauti ipande kidogo ifike uani. "Baba, nimekuja kumrejea mke wangu. Leo ndiyo siku ya thelathini, eda inakwisha magharibi. Nimekosa, sikuja Idi, sikuja kabla yake. Nataka asikie mwenyewe."

Kule ndani nazi ikanyamaza.

Mzee akaiweka kamba chini. Alikiangalia kikapu muda mrefu kabla hajaniangalia mimi. "Nani aliyekuhesabia?"

"Nimehesabu kwa mwezi. Mwezi jana haukuandama, nilikwenda kuutazama mwenyewe."

"Mwezi," akasema. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. "Mwezi huhesabu aliyefiwa na mumewe. Na vikongwe, waliokwisha kukatikiwa. Mwanamke wa umri huu huhesabu tohara zake, siku za usafi baina ya damu na damu. Si maneno ya barazani haya, lakini umenilazimisha. Ni tohara tatu, na zake zilitimia wiki ile ya Idi, zimemalizika sikukuu zinamalizika. Siku zote nne za Idi mlango huu haukufungwa, mwanangu. Hata usiku mama yake aliurudisha tu."

Mimi nilikuwa mtu aliyeoa. Kila mume anajua mkewe anakula mchana siku gani katika Ramadhani, ila hapana anayelisema. Nilijua kuhesabu hivyo. Sikuhesabu.

"Kikapu tulikurudishia," mzee akaendelea. "Posho ni ya eda. Eda imekwisha, hatuwezi kula chako. Mama yake akasema, kikirudi atafahamu, akifahamu atakuja kuposa upya. Tukangoja. Ijumaa ya kwanza, ya pili. Ukanyamaza. Tukafahamu kuwa ndiyo jawabu lako."

"Basi naposa," nikasema. "Naposa sasa hivi, kwa mahari mpya."

"Jana walikuja watu kuchukua jawabu. Watatu. Mwanamume wa Mangapwani, aliyefiwa na mkewe."

Niliwaona tena, wale watatu, wadogo, na yule wa katikati na sinia lake. "Nilidhani mdogo wake," nikasema.

"Mdogo wake bado."

Sikuwa na haki ya kuuliza, nilikuwa mtu baki aliyekaa kwenye baraza ya watu. Nikauliza. "Yeye ameulizwa?"

"Ameulizwa."

Nilipomposa mimi alikuwa mwari. Mwari akiulizwa hunyamaza, na kimya chake ndiyo ridhaa yake. Baba yake alitoka nje siku ile akasema, "Amenyamaza," na wazee wakasoma Fatiha. Mwanamke aliyekwisha kuolewa hapewi ruhusa hiyo. Kimya chake si kitu. Lazima aseme kwa ulimi wake, na mashahidi wasikie.

"Amesema nini?"

Mzee akaichukua kamba yake. "Amesema, 'Naam, nimeridhika.' Alisimama nyuma ya mlango huo, tukamsikia sote hapa."

"Saa ngapi?"

Aliniona nimerukwa na akili, lakini akanijibu. "Jua linazama."

Ndani nazi ikaanza tena kukunwa, haraka haraka mara tatu, kisha ikapumzika. Jua lilipokuwa linazama mimi nilikuwa juu ya kichwa chake, kwenye jiwe bapa, mdomo wazi, nimekwisha kuwaombea kheri.